Kwaya ya Waanika Usipa

Mtu wa kwanza kutuandikia alitaka kujua albamu yetu inatoka lini. Wa pili akauliza kama tunapatikana kwa harusi, na kama vyombo vya muziki tunakuja navyo au wenye shughuli ndio wanaokodi. Sisi tunaanika usipa. Hatujawahi kuimba popote isipokuwa kanisani, na hata huko wengine wetu tunafungua mdomo tu.

Nieleze ilivyokuwa, maana hapa Liuli kila mtu anasimulia kwa namna yake.

Usipa ni samaki wadogo wa ziwani kwetu, hawazidi urefu wa kidole. Nimeishi kwa usipa tangu nikiwa msichana. Shule niliacha darasa la tatu, baba alipofariki, mama akanipa beseni nimfuate ufukweni. Kwa usipa nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nimesomesha watoto wanne, na mume wangu alipoondoka nilimzika kwa heshima bila kupita nyumba kwa nyumba kuomba mchango. Sisemi haya kwa kujisifu. Au tuseme ni kwa kujisifu, kwani nani mwingine atanisifia?

Zamani wote tulianika chini, mchangani, pale pale mitumbwi inapovutwa. Samaki analala na mchanga, kuku wanapita juu yake, mbuzi naye hana adabu, na mvua ikishuka unazoa samaki pamoja na nusu ya ufukwe. Mimi ndiye niliyeanza kujenga kichanja. Nilisimika miti, nikatandaza wavu juu yake, usawa wa kiuno, samaki akakaukia hewani, juu na chini. Wenzangu walicheka. Walisema nimewatandikia usipa vitanda, bado kuwafunika shuka. Mwaka uliofuata walikuja mmoja mmoja kuniuliza miti nilikata wapi. Ndipo tukawa kikundi, na mimi nikawa mwenyekiti, si kwa kupenda mikutano bali kwa sababu hakuna aliyethubutu kugombea nami.

Tatizo letu lilikuwa moja. Mchuuzi akija na gari lake, alinunua usipa wetu wa kichanjani, akanunua na wa mchangani kule mbele, akawamwaga wote gunia moja. Nikimlalamikia anajibu, "Bibi, usipa ni usipa." Kazi yote ya miti na wavu ikawa inaishia kwenye gunia la mtu asiyejali.

Sasa, kitinda mimba wangu ni binti, na alisoma chuo, mambo ya lishe. Alimaliza vizuri, akarudi nyumbani kusubiri kazi. Akasubiri. Shangazi yake aliyeko Songea akamwona anakaa bure, akamtafutia nafasi katika duka la vifaa vya simu. Aanze mwisho wa mwezi.

"Sikukusomesha lishe ukauze makava," nilimwambia.

"Na mimi sikusoma lishe nikae hapa nakula usipa wako. Unafikiri napenda?"

"Kikundi kinahitaji mtu wa kusimamia ubora. Kaa."

"Ubora wa kumwuzia nani, mama? Yule anayechanganya?" Alikuwa anakatakata mboga, hakuinua uso. "Mkipata mnunuzi wa kudumu anayetaka usipa safi, nabaki, tena kwa moyo wote. Msipompata naondoka, na usinililie."

"Nani amekuambia nitalia?"

Lakini nilijua. Wakubwa wake wote wako mbali, huyu ndiye aliyebaki kuniita mama ndani ya nyumba.

Ndiye aliyeleta habari ya mtandao. Alisema kuna mtandao wa watu wa kazi, si ule wa vichekesho na umbea. Huko wapo wenye viwanda, wanaolisha mashule na mahospitali, watu wa lishe wenzake. Mimi nikauita mtandao wa wenye vyeti. Akanionyesha jinsi mtu anavyoweka kurasa kadhaa zenye picha na maneno, na msomaji anazisukuma kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Kama kitabu," nikasema.

"Kama kitabu, ila msomaji yuko tayari kukitupa kila anapomaliza ukurasa. Kwa hiyo kila ukurasa lazima umpe sababu ya kutaka unaofuata. Na ukurasa mmoja, jambo moja."

"Basi wa kwanza ni salamu."

"Mama, kule watu hawana muda wa salamu."

"Asiye na muda wa salamu hana muda wa samaki wangu."

Akanitazama kama anavyonitazama nikimwambia avae sweta. Tukapeleka jambo kwenye kikundi. Kikundi kikasema salamu ni lazima, kisha mwenyekiti, kisha makamu, kisha katibu, kisha mtunza hazina, kila mmoja na ukurasa wake. Mtu mwenye cheo huwezi kumrundika pamoja na wasio nacho, utavunja kikundi. Binti yangu akaandika yote. Kalamu yake ilikuwa inabonyeza karatasi kwa nguvu.

Picha tukapanga Jumapili, baada ya ibada. Jumamosi yeye alikwenda Kihagara kumwona rafiki yake aliyejifungua, na sisi tukafanya kama tunavyofanya mgeni mkubwa anapotazamiwa. Tulifagia ufukwe. Tulianua samaki wote. Nyavu za vichanja tulizifua, mabeseni tuliyasugua kwa mchanga tukayafungia ndani. Aliporudi Jumapili alitukuta tumejipanga, vitenge vya sare vya kanisani, vilemba vya rangi moja, warefu nyuma na wafupi mbele, mikono imenyooka. Nyuma yetu ziwa na lile jiwe letu kubwa linalotokeza majini. Hakuna aliyetabasamu. Mtu mzima hatabasamu kwenye picha.

Binti akatazama vichanja. Vilikuwa vitupu, miti mitupu imesimama kama uzio wa mtu aliyehama.

"Samaki wako wapi?"

"Wameanuliwa," nikamjibu. "Ulitaka watu wa maofisini waone nzi?"

"Na mabeseni?"

"Ndani. Yameoshwa."

Aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi. Akakaa kidogo, akainuka, akapiga picha, kwa sababu akina mama walikuwa wanaungua jua na jua lile halikuwa kosa lao. Akaziweka mtandaoni kama kikundi kilivyoamua. Ukurasa wa kwanza, sisi wote, na maneno: Tunawasalimu nyote kwa upendo kutoka Liuli. Kisha mwenyekiti. Kisha makamu. Neno usipa lilitokea ukurasa wa tisa.

Hivyo ndivyo tulivyoulizwa habari za albamu. Mwingine alisifia kitenge akataka kujua kinauzwa wapi. Mzee mmoja wa mbali alituandikia kwamba sauti zetu zinambariki sana. Sijui alizisikia wapi.

Nilidhani binti yangu atakasirika. Alinisomea yote kwa sauti ya kusoma matangazo ya kanisani, moja baada ya jingine, mpaka alipofika kwa yule mzee aliyebarikiwa ikamshinda, akaweka simu chini akacheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu shangazi yake alikuwa amepiga simu asubuhi ile kuuliza atafika siku gani.

Nikaitisha kikundi. Nikasema tunapiga picha upya, siku ya kazi, samaki wakiwa juu ya vichanja, sisi tukiwa kama tulivyo. Wakakataa. Makamu wangu, mwanamke mrefu mwenye mdomo mkali kuliko wangu, na hilo si jambo dogo, ndiye aliyesimama.

"Nionekane na gauni lililochanika kwapani? Magamba mpaka kwenye nyusi? Mbele ya watu wenye digrii? Weka yako, mama mwenyekiti. Wewe hujali."

"Najali. Ila nachoka zaidi usipa wangu ukimwagwa pamoja na wa mchangani."

"Uchoke ukiwa umevaa vizuri."

Wengine wakamuunga mkono. Sisi tumedharauliwa kwa harufu ya samaki maisha yetu yote. Ukipanda kwenda Mbinga na gunia, mtu anasogea mbali nawe akidhani huoni. Jumapili ndiyo siku ambayo mwanika usipa anapita katikati ya watu na hakuna anayesogea. Unamwambiaje mtu huyo aonekane na dunia nzima akiwa na magamba?

Binti yangu alikuwa pembeni anamenya karanga.

"Picha ya kanisani tusiitupe," akasema. "Iwe ile ile ukurasa wa kwanza. Tufute salamu, tuandike maneno matatu tu: Hii si kwaya."

Makamu akageuka. "Halafu?"

"Halafu mtu anasukuma kwa kidole. Anawakuta ninyi wale wale, mmesimama vile vile, kila mmoja mahali pake, jiwe lile lile nyuma. Ila mmevaa nguo za kazi, na kila mtu ana beseni la usipa."

Karanga zilisikika zikidondoka kwenye sahani.

"Yaani kwanza wananiona nimependeza," makamu akasema.

"Kwanza wanakuona umependeza, mama mdogo."

"Ndipo wananiona na magamba."

"Ndiyo."

Alifikiri. "Hapo sawa. Wakishajua nguo nzuri ninazo, magamba ni kazi tu."

Mimi nilitamani hilo wazo lingekuwa langu. Halikuwa.

Asubuhi ambayo mitumbwi iliingia na mzigo mzuri, tulipiga picha. Hakuna aliyefagia. Binti alisimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akatupanga kwa kutazama picha ya Jumapili, wewe sogea kulia, wewe bega lako lilikuwa mbele ya la mama huyu. Halafu akatuambia tufanye kazi, tumsahau. Kumsahau haikuwa rahisi, maana mara alikuwa amelala chali chini ya kichanja anapiga picha kwenda juu. Nikamwambia magamba yataingia machoni. Aliponionyesha nikainama kutazama vizuri. Usipa walikuwa wametandazwa juu ya wavu, mwanga unapita kati yao, na huoni chembe ya kitu kingine. Miaka yote nimewatazama kwa juu. Sikuwahi kuwaona kwa chini.

Kwenye maneno tuligombana. Mimi nilikuwa na maneno mengi, habari ya miti, habari ya mwaka ule wa mvua, habari ya waliocheka. Nasema, yeye anakata. Nasema tena, anakata tena.

"Huyo mtu anahitaji kujua nilivyoanza."

"Atajua akija. Ukurasa mmoja, jambo moja."

"Mwenye kiwanda gani atasoma maneno manne?"

"Yule ambaye asingesoma arobaini."

Kisha akanipa simu nisome mwenyewe. Mimi nasoma polepole, nafuata herufi kwa kidole. Kawaida nikifika nusu ya barua naiweka chini, namwita mtu. Siku ile nilimaliza ukurasa, kidole changu chenyewe kikasukuma, nikamaliza na mwingine, na mwingine, na kabla sijachoka nikawa nimefika mwisho. Nilimrudishia simu. Alijua. Huyu mtoto ananijua sana.

Ila ukurasa wa mwisho niliukataa, na hapo sikurudi nyuma. Alikuwa ameandika: Tufuate. Tupigie. Weka oda yako leo.

"Sokoni," nikamuuliza, "mtu ukishampimia bakuli lake, unafanya nini?"

"Unampa nyongeza."

"Kabla hajaomba, au mpaka aombe?"

"Kabla. Akiomba inakuwa kama umelazimishwa."

"Sasa hapa umempimia kurasa zote hizi vizuri, halafu mwishoni ndiyo unamwomba wewe. Nyongeza iko wapi?"

"Mama, huwezi kumtupia mtu konzi ya usipa kwenye simu."

"Mpe kitu ambacho hata asiponunua kwetu kitamfaa."

Tukakaa. Nilimweleza ninavyofanya nikiletewa usipa wa mtu nisiyemjua. Nachukua bakuli jeupe, si la rangi, naloweka konzi moja kwenye maji ya uvuguvugu, nasubiri kidogo, natoa samaki taratibu kwa mkono bila kumwaga maji. Kisha natazama chini ndani ya bakuli, kama mchanga umetuama. Basi. Humo chini hakuna maneno ya mchuuzi.

"Lakini hiyo haiuzi usipa wetu," akasema.

"Ndiyo maana inaitwa nyongeza."

Aliniangalia, akafuta alichoandika. Ukurasa wa mwisho ukawa picha ya bakuli jeupe, namna ya kuloweka, na maneno: Jaribu usipa ulio nao jikoni kwako, hata kama hukununua kwetu. Namba ya simu aliiweka chini kabisa kwa herufi ndogo, kwa kuwa na yeye ni mbishi. Nikamwachia. Ubishi ule ameutoa kwangu.

Wa kwanza kurudi walikuwa wale wale waliodhani ni kwaya, wakijicheka. Yule wa harusi aliandika kwamba basi tutamletea kitoweo. Wakawatumia wenzao, na wenzao wakawatumia wengine. Ilifurahisha, lakini kicheko hakimzuii mtu kwenda Songea. Binti alianza kufua nguo zake, zile nzuri, na kuzikunja. Mimi nilifanya kama sioni. Nilimkuta siku moja anamwelekeza makamu wangu jinsi ya kujibu ujumbe kwenye simu, kwa ajili ya baadaye, na makamu anaitikia huku hashiki kitu.

Halafu ikaja picha.

Ilikuwa picha ya bakuli jeupe, na humo chini tope la mchanga limetulia kama sukari ambayo haijakorogwa. Aliyeituma ni mama mmoja anayesimamia majiko ya shule za bweni huko juu, Mbinga na kuendelea. Alisoma kurasa zetu, akamwita mpishi, wakaloweka usipa waliokuwa nao stoo. Aliandika: "Hiki ndicho nilichokuta. Wenu nitawaona lini?"

Hakusalimu hata. Nikamsamehe.

Alikuja na pikapu, mwanamke mnene kiasi, mwepesi wa kutembea. Ufukweni alisalimu vizuri sana, shikamoo kwa kila anayestahili, kwa hiyo salamu anazijua, ni zile simu tu zinazowaharibu watu. Akina mama walikuwa wamebishana wavae nini, na mwishowe walikuja na nguo za kazi na vilemba vya kanisani. Mgeni akatutazama, akatazama jiwe, akasema, "Kumbe kweli ni ninyi." Makamu wangu akanyoosha kilemba.

Hakuuliza mengi. Alikwenda kwenye gunia, akaingiza mkono mpaka juu ya kiwiko, akatoa usipa wa chini kabisa. Nikampenda. Hivyo ndivyo anavyonunua mtu anayejua. Kisha akaomba bakuli. Binti yangu alikuwa nalo tayari mkononi, jeupe, na maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai.

Tukasubiri wote tukiwa tumelizunguka, watu wazima na akili zao, tunatazama samaki wakiloa. Mgeni akawatoa mmoja mmoja. Chini palikuwa na gamba moja.

"Ni gamba," makamu akasema. "Magamba hatukuyaficha, yamo ukurasa wa pili."

Mgeni akacheka. Akasema ataanza na muhula mmoja, aone, na kwamba akiridhika kuna wenzake wenye majiko kama yake. Kisha akafunga uso kidogo.

"Nani hapa anajibu mambo ya ubora? Nataka mtu mmoja. Nisije nikapiga simu nikaambiwa mhusika amesafiri."

Akina mama wote wakamgeukia binti yangu. Binti akanigeukia mimi. Na mimi, ambaye nimejibu kwa niaba ya watu maisha yangu yote, niligeuka nikatazama ziwa. Hilo halikuwa langu la kujibu.

"Mimi," nikamsikia anasema. "Mhusika ni mimi. Sisafiri."

Shangazi yake alipigiwa jioni ile ile. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa muhogo, nasikia upande mmoja tu.

"Shangazi, shikamoo. Samahani, nafasi ile mpe mwingine. Nimepata kazi. Liuli. Ndiyo, Liuli hii hii. Hapana, mama hajanilazimisha. Subiri nakutumia kurasa, usukume kwa kidole."

Tulikuwa tunanawa mikono jibu lilipokuja. Nilitegemea aulize naimba sauti ya ngapi. Binti akasoma kimya, kisha akanisomea: shangazi yake ameloweka usipa wake wote wa kabatini, amekuta mchanga wa kutosha kupigia plasta, sasa anataka wifi yake amtumie usipa safi kwa basi la kesho.

"Mwambie atanunua kama watu wengine," nikasema. "Nyongeza atapata."